Jinsi ya kutafsiri "truncate" bila kuharibu maana

Ninatafsiri programu za simu na kompyuta, na neno hili la Kiingereza hunijia mara kwa mara. Kosa ninalolisahihisha zaidi ni "fupisha". Anayefupisha husoma kwanza, kisha hubakiza kiini. Anayefanya truncate hukata mwisho tu, hata kama kiini kimo humo. Asili yake ni neno la Kilatini truncus: shina la mti, au kiwiliwili kisicho na viungo. Sisi tunalo neno gutu, na nikikwama huikumbuka picha hiyo.

1. Tazama kinachokatwa. Usifungue kamusi kabla ya kujua kama ni namba, maandishi, data au umbo.

2. Namba. 3.987 ikikatwa hadi nafasi mbili za desimali hubaki 3.98, ikikadiriwa huwa 3.99. Kwa hiyo usiandike "kadiria". Andika "kata tarakimu baada ya nafasi ya pili". Na -3.7 ikikatwa desimali huwa -3, si -4.

3. Maandishi. "Kata mwisho" inatosha, lakini usiishie hapo. Katika Kiswahili, viambishi vya ngeli na wakati hutangulia na mzizi wa kitenzi huja nyuma, kwa hiyo kisu huangukia penye maana. Linganisha "Malipo yako yamekamilika" na "Malipo yako yamekataliwa". Skrini ikikata baada ya herufi ya 18, ukihesabu na nafasi, zote mbili husomeka "Malipo yako yameka…" Hiyo ni pesa ya mtu, naye hajui kama imefika! Mimi huandika upya: "Umelipa" na "Hujalipa". Sentensi ikilazimika kuwa ndefu, neno linaloamua likae mwanzoni.

4. Hifadhidata. Amri ya SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata), TRUNCATE TABLE, hufuta rekodi zote na kuacha jedwali tupu. Hapa hakuna mwisho unaokatwa. Amri yenyewe iache ilivyo. Kwenye maelezo andika "futa rekodi zote, bakiza jedwali". Ukiandika "punguza jedwali", kuna atakayebonyeza akidhani anaondoa kidogo.

5. Maumbo. "Pia iliyokatwa ncha" (pia ni umbo la koni), "piramidi iliyokatwa ncha". Hapa hakuna utata.

6. Jaribu. Fungua programu kwenye simu yenye skrini ndogo, ukuze maandishi hadi mwisho, kisha usome kila mstari ulioishia na nukta tatu. Ule usiokuambia kilichotokea, urudishe hatua ya 3.