Kabla Bomba Halijapasuka: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakaazi wa Mji wa Kale wa Lamu

Katika Mji wa Kale wa Lamu fundi wa mabomba huja kwa miguu, na vifaa vyake vizito hubebwa kwa mkokoteni au kwa punda, kwa kuwa vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni havipitiki kwa gari. Akiwa yuko kijiji cha Shela kwenye kazi nyingine, au amevuka kwenda Mokowe, upande wa bara, itambidi kwanza angoje boti. Kwa sababu hiyo saa ya kwanza ya dharura ya maji humwangukia mwenye nyumba mwenyewe, na atakachoweza kukifanya ndani ya saa hiyo hutegemea alichokijua na kukiweka tayari siku ambayo nyumba ilikuwa kavu.

Jambo la kwanza ni kuijua njia ambayo maji hupita ndani ya nyumba. Maji ya mji huu hutoka katika visima vilivyochimbwa kwenye milima ya mchanga ya Shela, na kwa kuwa hayaji saa zote, nyumba nyingi huyapokea katika tangi la chini, huyapandisha kwa pampu hadi tangi la juu, kisha huyateremsha kwa uzito wake hadi jikoni na chooni. Nyumba nyingine zina kisima chao wenyewe pia, chenye maji ya chumvichumvi, ambacho nacho kimeunganishwa na mabomba yale yale au na mengine yanayopita sambamba. Maana yake ni kwamba nyumba moja yaweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu vya maji, na kukifunga kimoja hakukizuii kingine. Mara nyingi mtu hukimbilia koki ya mita, akaifunga vizuri kabisa, kisha akabaki ameduwaa kuona maji yanaendelea kumwagika, kumbe yanayomwagika ni ya tangi la juu, na yataendelea mpaka tangi liishe.

Basi kuna vitu vitatu ambavyo kila mtu mzima wa nyumba hana budi kuvijua, akiwemo mpangaji na msaidizi wa kazi: koki ya mita, koki iliyo chini ya tangi la juu, na swichi ya pampu. Haitoshi kuvijua kwa kuelezwa; kila mmoja avifikie kwa mkono wake, mchana na pia gizani akiwa na tochi. Koki ya mpini ni rahisi kuisoma, kwani mpini ukilala sambamba na bomba maji yamefunguka, na ukikingama yamefungwa. Ile ya gurudumu haijioneshi, kwa hiyo ni vyema kuipaka alama ya rangi na kuandika ukutani upande wa kufungia. Hewa ya bahari na maji yenye chumvi hugandisha koki isiyoguswa, na kinachofaa ni kuifunga na kuifungua kila baada ya miezi michache. Ikiwa imekaza, izungushwe kidogo kidogo mbele na nyuma, isilazimishwe kwa spana ndefu, maana koki ikivunjika shingo huwa imeanzisha dharura ile ile iliyokusudiwa kuizuia.

Bomba lililopasuka halihitaji mtaalamu wa kulitambua. Linalohitaji jicho ni lile linalovuja taratibu ndani ya ukuta, na hapa ndipo nyumba za kale za Lamu zinapotofautiana na nyumba za matofali ya saruji. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene kiasi cha kukaribia nusu mita, na jiwe la tumbawe lina vitundu vingi vinavyonyonya maji. Uvujaji waweza kuendelea kwa miezi kabla ya tone moja kuonekana nje. Dalili ya mwanzo huwa ni doa lenye ukingo wa rangi ya chai, kisha unga mweupe wa chumvi unaotoka ukisuguliwa kwa kidole, kisha lipu inayotoa sauti tupu ikigongwa kwa kifundo cha kidole. Penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, dalili huanzia kwenye kingo nyembamba za nakshi, ambazo huanza kumeguka vipande vidogo na kudondoka juu ya vyombo vilivyopangwa ndani yake. Anayefagia chumba kila asubuhi ataona vipande hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote, na anapovitaja inafaa asikilizwe.

Darini hatari ni kubwa zaidi. Dari ya Kiamu, yaani ya Lamu, hubebwa na boriti za mikoko zinazoegemea kuta mbili, na juu yake huja mawe na chokaa vyenye uzito mkubwa. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali pasipoonekana, na ndipo maji yanayovuja hupenda kujikusanya. Choo cha ghorofani kikivuja, dari ya chumba cha chini huloa na kuongezeka uzito wakati ule ule ambapo boriti zinapungua nguvu. Kwa hiyo dari inayopinda, inayopasuka kwa mstari unaofuata ukuta, au inayomwaga mchanga na vipande vya chokaa, isichukuliwe kuwa ni suala la kupiga rangi. Watu watoke chumbani humo, maji ya juu yafungwe, na kabla ya fundi bomba, aitwe kwanza fundi anayezijua boriti. Tangi nalo litazamwe kwa jicho hilo hilo: lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na dari iliyojengwa kubeba vitanda na watu haikukusudiwa kubeba mzigo huo katikati ya boriti zake. Kama halina budi kuwa juu, lisimamishwe palipo na ukuta chini yake, na fundi akubali kwamba pamefaa.

Kuna vipimo vyepesi ambavyo kila nyumba yaweza kujifanyia. Siku ambayo maji ya mji yapo, koki zote za ndani zifungwe pamoja na ile ya kuingizia maji tangini, kisha mita itazamwe; ikiendelea kuzunguka, kuna pahala panavuja kati ya mita na koki hizo. Kwa upande wa tangi la juu, kiwango cha maji kiwekewe alama wakati wa kulala, pampu ikiwa imezimwa, na kiangaliwe alfajiri kabla ya watu kutawadha. Choo cha kuvuta hupimwa kwa matone machache ya rangi ya chakula ndani ya kisanduku chake cha maji. Rangi ikitokea bakulini baada ya robo saa bila mtu kuvuta, kizibo cha ndani hakizibi tena. Uvujaji mdogo usidharauliwe. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, nayo ndani ya siku chache huujaza mtungi wa lita 20, katika mji ambao watu hulazimika kununua mtungi huo huo maji yanapoadimika.

Dharura iliyo ya kawaida kuliko zote, kwa maoni yangu, haitokani na bomba bovu hata kidogo. Mtu hufungua koki, maji hayatoki, huiacha wazi na kwenda zake. Maji hurudi usiku wa manane, na nyumba hukuta sebule imekuwa bwawa. Dawa yake ni kuzoeza watu wote, wageni wa sherehe za Maulidi wakiwemo, kuifunga koki hata ikiwa kavu. Boya la tangi nalo likaguliwe, kwa sababu likikwama tangi hufurika, na maji hayo yaweza kuteremka hata ukutani mwa jirani. Maji yanaporudi baada ya kukatika kwa siku kadhaa husukuma hewa iliyomo bombani na kulitikisa kwa kishindo. Koki moja ya chini ifunguliwe kidogo na mtu asimame hapo mpaka hewa imalizike.

Umeme uzingatiwe kabla ya ndoo na matambara. Pampu, shawa ya umeme na soketi zilizo karibu na sakafu hugeuza dimbwi dogo kuwa mtego. Swichi kuu izimwe na mtu anayeweza kuifikia akiwa pakavu, miguu na mikono ikiwa mikavu. Ikiwa njia ya kuifikia imeshaloa, asiingie. Aliye nje aite mtu wa umeme, na watoto wazuiwe mlangoni.

Upande wa maji machafu una dharura zake. Nyumba nyingi hutegemea shimo la choo, na gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita vichochoroni, kwa hiyo shimo lililojaa si kazi ya kumalizwa kwa siku moja. Dalili hutangulia: maji ya kuogea yanateremka polepole, choo kinagugumia sinki linapomwaga, na harufu inapanda jioni. Sehemu moja ikiziba peke yake, tatizo liko kwenye bomba lake. Zikiziba zote pamoja, tatizo liko shimoni au kwenye bomba kuu, na kuendelea kumwaga maji ni kuyarudisha ndani ya nyumba. Mvua za masika zikikutana na maji makuu ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mitaro ya upande wa bahari hushindwa kumwaga, na walio chini karibu na gati wajihadhari mapema. Mtu asiteremke shimoni kwa hali yoyote, hata kumwokoa mwingine aliyeanguka, bila vifaa vya kupumulia, kwa sababu hewa ya humo huangusha mtu mara moja na mwokozi huwa wa pili kufa. Dawa za kuzibua zenye asidi zisichanganywe na dawa ya kufulia yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu ndani ya choo kidogo kisichokuwa na dirisha.

Vifaa vya kuweka tayari si vingi: tochi yenye betri nzima, spana moja ya kufungua na kufunga, tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, vizibo viwili vya saizi ya mabomba ya nyumba, ndoo, matambara, na vipande virefu vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo ndio huduma ya kwanza ya bomba. Maji yafungwe, koki ya chini ifunguliwe ili mgandamizo utoke, bomba likaushwe, kisha mpira uvutwe na kuzungushwa tabaka juu ya tabaka kuanzia nyuma ya ufa hadi mbele yake, ukafungwa kwa waya. Utastahimili siku moja au mbili. Vyote vikae katika sanduku moja mahali pamoja, na mwenye kuazima spana airudishe.

Fundi akipigiwa simu aambiwe mambo yatakayomfanya aje na kifaa sahihi. Mama mwenye nyumba aweza kusema: "Fundi, salaam aleikum. Bomba la plastiki la nusu inchi limepasuka chooni ghorofani, maji tumeshafunga kwenye tangi, umeme tumezima, dari ya chini imeloa lakini haijapinda." Fundi aliyeambiwa hivyo hatalazimika kurudi dukani. Aliyeambiwa tu "njoo haraka, nyumba imejaa maji" atakuja na mfuko usio na kinachotakiwa. Jirani wa chini na wa ubavuni waarifiwe wakati huo huo, kwa sababu kuta hugawanwa, na penye wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, maji ya chumba kimoja yaweza kushukia kichochoroni juu ya wapita njia. Ikiwa matengenezo yatahitaji kuchimba ukuta wa nyumba ya kale, ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ihusishwe kwanza. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mfereji uliochimbwa katikati ya nakshi hauzibiki ukarudi ulivyokuwa.

Baada ya maji kuzuiwa, maji ya kunywa yatiliwe shaka. Bomba lililopasuka huweza kuvuta uchafu wa mtaroni mgandamizo unaposhuka, basi yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili kabla ya kunywewa, mpaka bomba litengenezwe na lisafishwe kwa kumwaga. Birika la chooni, yaani tangi la kujengwa la maji ya kuogea, likiingiwa na maji machafu lichotwe lote na kusuguliwa, na samaki wanaowekwa humo kula viluwiluwi vya mbu wahamishwe kwanza kwenye beseni la maji safi, kwa maana klorini ya kusafishia itawaua.

Ukuta nao upewe muda. Haraka ya kuficha doa kwa saruji ndiyo inayoharibu nyumba nyingi, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya tumbawe, nao ukatafuta njia ya kutokea upande wa pili au kwenye ncha za boriti. Lipu iliyolegea ibanduliwe, milango na madirisha yaachwe wazi upepo upite, chumvi inayojitokeza ifagiliwe kwa brashi kavu bila kuoshwa, na ukuta uachwe hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi ikiwa uvujaji ulikuwa wa muda mrefu. Chumvi mpya ikikoma kutoka, ndipo chokaa ipakwe.