Somo: Baiskeli ya changarawe Ufaransa bila magari, kutoka Montargis hadi Orléans

Wengi wanaokuja Ufaransa na baiskeli hutafuta kile walichokiona kwenye Tour de France: lami, milima, na bonde la picha. Wakifika, wanagundua kwamba ile lami siku nyingine zote ni ya malori. Lakini nchi hii ina njia nyingi za changarawe na udongo ambazo gari haliruhusiwi kuzikanyaga, na kuzipata si suala la bahati. Kabla ya kuuliza njia inaelekea wapi, uliza ni ya nani. Ukijua mwenye njia, unajua kama utakutana na gari, kama utafukuzwa, na kama kuna mtu anayeitunza.

Nitatumia mfano mmoja ambao ndugu zetu wa Paris na vitongoji vyake wanaweza kuumaliza kwa siku moja au mbili: Montargis hadi Orléans, miji miwili iliyo kusini mwa Paris, kupitia mfereji na msitu.

Hatua ya 1: Anza na mfereji

Mfereji wa Orléans ulifunguliwa mwaka 1692 kuunganisha mto Loire na njia za maji zinazoelekea Paris. Mashua zilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni, kwa hiyo kando ya maji ilibidi pawe na njia ya kukanyaga, pana na isiyo na vilima. Biashara ya mashua ilikoma, mfereji ukafungwa rasmi mwaka 1954, njia ikabaki. Kwa sisi hiyo ni neema: kwa vile maji hayapandi mlima, nawe hupandi, isipokuwa vijimuinuko vifupi kwenye malango ya kupandishia mashua.

Urefu wake ni kama kilomita 80. Upande wa Montargis unaanzia Buges, inapokutana mifereji mitatu: wa Loing, wa Briare na huu wa Orléans. Kutoka hapo unaelekea magharibi kupitia Chailly, Grignon, Combreux, Vitry-aux-Loges na Fay-aux-Loges, hadi Combleux ukingoni mwa Loire, nje kidogo ya Orléans. Pale alama za baiskeli zinapokutoa ukingoni na kukuingiza kwenye barabara ya kijiji, zifuate tu. Huenda kingo zimebomoka au kuna kazi inaendelea mbele.

Hatua ya 2: Uache mfereji, uingie msituni

Hapa ndipo utamu ulipo. Kati ya Grignon na Combreux mfereji unapita ndani ya Msitu wa Orléans, wenye hekta karibu 35,000, msitu wa serikali mkubwa kuliko wote Ufaransa bara. Unasimamiwa na ONF, idara ya taifa ya misitu. Barabara zao za kutolea magogo ni nyeupe, zimeshindiliwa vizuri, na mara nyingi zinafungwa kwa kizuizi cha chuma. Aliyezoea murram ya kwetu atajiona nyumbani, ila hapa hakuna matatu nyuma yako.

Kizuizi kinazuia injini. Baiskeli inaruhusiwa kupita kando yake, isipokuwa kuna kibao kinachosema vinginevyo. Sasa jifunze vibao viwili. Duara lenye ukingo mwekundu na picha ya pikipiki juu ya gari linamaanisha vyombo vyote vya moto marufuku: hiyo ndiyo njia yako, ifurahie. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu lisilo na picha yoyote ndani linamaanisha vyombo vyote marufuku, na kisheria baiskeli imo. Hapo unashuka na kuisukuma, au unatafuta njia nyingine.

Usikate vichakani. Kuna ndege mla samaki anayeitwa balbuzard pêcheur ambaye huweka viota humo, kisha huja Afrika kukwepa baridi. Maeneo ya viota hufungwa wakati wa kuzaliana. Mheshimu, naye ni msafiri.

Hatua ya 3: Kagua ramani kwa macho yako

Komoot na programu nyingine za simu za kupanga safari zitakuchorea njia kwa sekunde chache. Ichukue kama rasimu. Fungua ramani ya IGN, idara ya taifa ya ramani, ya kipimo cha 1:25,000 (bure mtandaoni), ambapo sentimita moja ni mita 250, ufuate mstari wako kipande kwa kipande. Tafuta maneno *forêt domaniale*, yaani msitu wa dola. Robo tatu hivi ya misitu ya Ufaransa ni mali ya watu binafsi, na programu haijali tofauti hiyo.

Mwenye msitu anaijali sana. Sheria ya tarehe 2 Februari 2023 imefanya kuingia kwenye msitu au shamba la mtu, pale ambapo kibao kinaonyesha wazi kuwa ni mali binafsi, kuwa kosa la faini ya euro 135. Mjadala wa sheria hiyo ulichochewa zaidi na Sologne, ng'ambo ya Loire, ambako matajiri wa uwindaji walizungushia uzio maelfu ya hekta. Ndiyo maana mimi humshauri mgeni abaki kaskazini mwa mto. Sologne inapendeza kwenye picha, lakini kwa baiskeli ni nyaya tupu.

Kisha angalia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa ubora wa njia. Njia za mashambani zimepewa ngazi 1 hadi 5: ya 1 ni ngumu kama lami, ya 5 ni udongo laini na majani. Udongo wa msitu huu ni mchanga juu ya mfinyanzi, maji hayanywei. Ngazi ya 4 mwezi Juni inapitika. Ngazi hiyohiyo mwezi Januari ni kidimbwi.

Hatua ya 4: Msimu, na wawindaji

Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ndiyo nyakati nzuri. Uwindaji kwa ujumla hufunguliwa Septemba na kufungwa mwisho wa Februari. Tangu sheria ya 2019, wanaowinda wanyama wakubwa kwa kundi wanalazimika kuvaa fulana zinazong'aa na kuweka vibao barabarani. Ukiona *chasse en cours*, yaani uwindaji unaendelea, geuza. Usibishane na mtu aliyeshika bunduki eti kwa sababu barabara ni ya umma. Vaa rangi kali, na ukiweza nenda siku za kazi.

Hatua ya 5: Chombo

Tairi za milimita 40 hadi 45, upepo wa bar 2.5 hivi kwa mtu wa kilo 75, tyubu ya akiba, viraka, pampu, na kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma, maana kijiti kimoja kikiingia kwenye spoku kinakivunja. Mengine ni mbwembwe.

Hatua ya 6: Treni, maji na mkate

Kwenda: treni ya mstari R kutoka Gare de Lyon hadi Montargis, baiskeli hupanda bure nje ya saa za msongamano. Kurudi: Orléans hadi Paris-Austerlitz, na wikendi za kiangazi uangalie mapema kama nafasi ya baiskeli inahitaji kuwekwa. Maduka ya vijijini hufunga mchana, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Beba chakula. Maji utayapata kwenye makaburi: karibu kila kijiji kina bomba pale kwa ajili ya maua. Lakini soma kwanza. Ikiandikwa *eau non potable*, usinywe.

Maswali ya wanachama

*Saint-Denis: Kaka, nina baiskeli ya milimani ya kawaida tu. Lazima ninunue ya changarawe?*

La hasha, ndugu yangu. Punguza mwendo, panda. Anayepaswa kujifikiria ni mwenye tairi nyembamba za barabarani: mfereji ataumudu kukiwa kukavu, msitu hapana.

*London: Shikamoo kaka. Tunakuja na watoto, mmoja ana miaka 8, mwingine 11. Mfereji ni salama?*

Marahaba, dada. Magari si tatizo. Tatizo ni maji, kwa sababu hakuna uzio kati ya njia na mfereji. Chukua kipande cha Combleux hadi Fay-aux-Loges, mtu mzima mmoja mbele, mwingine nyuma. Kofia ngumu ni lazima kwa mtoto chini ya miaka 12, sheria tangu 2017.

*Nairobi: Mimi nimezoea vumbi la Maasai Mara. Huko si tambarare mno?*

Ni tambarare, sikufichi. Barabara za msituni zimenyooka kilomita baada ya kilomita, na mwenye kupenda milima atachoshwa. Wewe nenda Morvan, Burgundy: misitu, maziwa na vilima visivyokwisha. Ila kule misitu mingi ni ya watu, kwa hiyo hatua ya 3 uifanye mara mbili.

*Lyon: Mtu akinisimamisha na kusema njia ni yake, nifanyeje?*

Kwanza *bonjour*. Bila hiyo hakuna mazungumzo. Kisha ujue tofauti: *chemin rural* ni mali ya wilaya ndogo ya kijiji na umma una haki ya kuipita, *chemin d'exploitation* ni ya wenye mashamba yanayopakana nayo, nao wanaweza kukukataza. Ramani za viwanja zipo mtandaoni bure na mara nyingi jina la njia limeandikwa. Kama huna uhakika, omba radhi urudi. Ugomvi wa porini hauna shahidi.

*Brussels: Kupe je?*

Wapo, kuanzia masika hadi vuli. Jikague jioni, nyuma ya magoti na kinena. Mtoe kwa kibanio maalumu cha famasi, bila mafuta wala kiberiti. Ukiona duara jekundu linalotanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa msituni. Ugonjwa wa Lyme hutibiwa kwa antibiotiki.