Bunduki ya Mauser yenye taji la Ureno

Ukikutana na Mauser ya zamani iliyoandikwa ubavuni "Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken Berlin", usikimbilie kusema ni ya jeshi la Ujerumani. Jina hilo ni la kiwanda tu. Aliyeiagiza hujulikana kwa alama iliyo juu ya chemba ya risasi. Ukiona taji na herufi za mfalme Carlos wa Kwanza, hiyo ni Mauser-Vergueiro ya Ureno, muundo wa 1904. Hakikisha kwa mkono wa bolti (komeo linalofunga chemba): ukifungwa hukaa mbele ya daraja la nyuma, yaani sehemu ya nyuma ya fremu ambamo bolti hupita, jambo lisilo la kawaida kwa Mauser. Bunduki za Wareno zilitekwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, kule Ngomano, kando ya mto Ruvuma, Novemba 1917, kwa hiyo historia yake inatugusa.

Tahadhari: risasi zake za asili ni milimita 6.5, lakini nyingi zilibadilishwa miaka ya 1930 zitumie 7.92. Usiifyatue kamwe kwa kukisia. Na tafadhali usiisugue kwa msasa! Mulika tochi kwa ubavu, alama zilizofifia zitajitokeza.