Kulisha ndege wa bandani wadudu hai, kwa sisi tulioko Tanga

Kwanza tuelewane, sio kila ndege anataka mdudu. Njiwa na wale kasuku wadogo wa rangirangi ukiwawekea funza wataishia kumwangalia tu, wao nafaka na majani basi. Ila kama una kware, kanga, finchi au vindege vingine vinavyolea makinda humo humo bandani, hapo ndo utaona kazi ya mdudu, maana kinda linaota manyoya na misuli kwa protini na mtama peke yake hautoshi. Angalia hata mnana, wanaosumbua watu kwenye mpunga, makinda yao wanayaletea wadudu. (Na wa porini usikamate bila kibali cha maliasili, hapa naongelea wa kufuga.)

La pili, na hili ndo kubwa kuliko yote: mdudu anaingia kwa ndege na tumbo lake lote. Alichokula yeye jana ndo ndege wako anakula leo. Kwa hiyo kabla hujauliza mdudu gani, uliza katoka wapi.

Rahisi kuliko wote ni mchwa. Tafuta pale walipotoboa ardhi, chukua chungu kibovu au ndoo ya plastiki, jaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, maboksi yaliyochanwa na samadi kavu ya ng'ombe kidogo, lowesha isichuruzike, funika kifudifudi juu ya lile tundu jioni alafu weka na gunia juu kivuli kiwepo. Asubuhi mapema kabla jua halijawaka unakuta wamejaa, kung'utia kwenye beseni. Wale askari wenye vichwa vikubwa na meno watoe kama una finchi, wanang'ata, kanga yeye hajali anameza tu. Usitege karibu na nyumba iliyopigwa dawa ya mchwa wakati wa kujenga, na siku hizi nyumba nyingi zinapigwa, kwa hiyo uliza.

Ukitaka uhakika wa mwaka mzima fuga funza lishe, wale watoto wa nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu. Nzi wenyewe wakishakuwa wakubwa hawahangaiki na chakula chako mezani. Chukua ndoo yenye matundu madogo chini ya kutoa maji, weka machicha ya nazi, maganda ya papai na ndizi, ugali uliolala, ila nyama na samaki acha. Juu ning'iniza vipande vya boksi lenye mikunjo, nzi anataga kwenye vile vitundu vikavu, sio kwenye uchafu wenyewe, mayai yanaanguliwa kama siku nne hivi alafu funza wanashuka kula. Wakikomaa wanageuka weusi na wanataka kutoka wenyewe wakatafute pakavu, kwa hiyo ukiweka kibao kilichoinama kinachoishia kwenye kopo wanapanda na kujidondosha humo, kazi yako kuokota tu. Mi hawa nawapenda kuliko wengine kwa sababu wana kalsiamu nyingi, wadudu wengi hawana.

Sasa funza wa nzi wa kawaida, hapo tuwe makini jamani. Usichukue kwenye mzoga wala chooni, hata uoshe vipi. Kwenye mzoga kunakuwa na sumu ya botulizimu, funza haimdhuru ila anaibeba, ndege akila anaanza kulegea miguu, mbawa zinashuka, mwisho shingo haisimami na hapo umeshachelewa. Hata wale uliowafuga kwenye chakula safi usiwape moja kwa moja, waweke kwenye pumba kavu. Ukimwangalia funza kwa karibu utaona kimstari cheusi kinapita ndani ya mwili, hicho ni chakula tumboni, subiri kipotee awe mweupe mtupu ndo umpe.

Kanga na kuku wana starehe yao nyingine, mabuu ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayemaliza minazi yetu. Pasua gogo la mnazi lililooza au fukua lundo la samadi ya zamani, utawakuta weupe wanene wamejikunja, kichwa cha kahawia. Ponda kichwa kwanza maana yale meno ni magumu. Na mnazi wa jirani unakuwa umeuokoa. Kwa finchi ni mkubwa mno, achana nae.

Panzi wa kijani wa kwenye nyasi ni wazuri, ng'oa miguu ya nyuma yenye miba. Wale wenye rangi kali za kung'aa wanaotembea taratibu kwenye muhogo bila kuogopa mtu waache, wana sumu ndo maana hawakimbii. Viwavi vya manyoya pia usiguse. Na ukienda upande wa Muheza kwenye machungwa uliza kwanza kama shamba limepulizwa.

Wasipokuwa funza lishe, ongeza kalsiamu. Hapa pwani hiyo ni bure, lile gamba jeupe jepesi la ngisi linalotupwa na maji ufukweni, loweka siku kadhaa ukibadilisha maji chumvi itoke, anika, saga unga, wanyunyizie wadudu kabla ya kuwapa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa nayo yanafaa.

Kuwapa sasa: chombo chenye kuta laini wasipande kutoka, asubuhi, kiasi cha kuisha ndani ya robo saa. Kama hakuna makinda mara mbili kwa wiki inatosha kabisa, wakizidishiwa wananenepa na wanataga ovyo. Makinda yakishaanguliwa geuza, kidogo kidogo mara tatu nne kwa siku, maana wazazi wanarudi kila saa kutafuta.

Sisimizi ndo adui, watakumalizia ndoo ya funza usiku mmoja, kwa hiyo simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji yenye tone la mafuta ya kula. Na mvua za kwanza zikishuka kumbikumbi wakajaa kwenye taa, okota wengi, toa mbawa, tia friza. Siku ya kuwapa acha barafu iishe kabisa kwanza.