Kubadili Kerezo la Zamani la CNC Liendeshwe kwa Kompyuta na LinuxCNC

Kerezo la CNC, yaani mashine ya kukereza chuma inayoongozwa kwa namba, la miaka ya 1980 mara nyingi hufa kichwa huku mwili ukiwa mzima. Chuma chake cha kusubu hakijachoka na skrubu zake za gololi zinaviringika vizuri, ila kadi za mtambo wa kuongoza zimeungua na vipuri vyake havipatikani tena. Kerezo kama hilo linastahili kupewa ubongo mpya, nao ni kompyuta ya kawaida yenye LinuxCNC, programu huria iliyochipuka kutoka kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani.

Kabla ya kukata hata waya mmoja, weka geji ya mshale kwenye tareti (kibebeo cha visu), usukume mhimili, yaani njia moja ya mwendo wa tareti, huku na huku, uone unalegea kiasi gani, kwa kuwa hakuna programu inayoponya skrubu iliyolika. Zima umeme mkuu, thibitisha kwa mita kwamba kapasita za draivu, vifaa vinavyolisha mota umeme, zimeisha chaji, kisha piga picha kabati lote na uubandike kila waya lebo.

Swali zito ni kama mota na draivu za zamani zibaki. Kwa maoni yangu, zikiwa bado zinafanya kazi, ziache. Draivu nyingi za servo (mota zinazosahihisha mahali zilipo) za enzi hiyo hupokea amri ya volti kati ya -10 na +10, na kadi ya 7i77 ya kampuni ya Mesa, ikiunganishwa na kadi ya 7i92 inayowasiliana na kompyuta kwa kebo ya Etheneti, hutoa amri hiyo na pia kusoma enkoda, vihisi vinavyohesabu mzunguko wa mota kwa mipigo, kwa mihimili hadi sita. Hata hivyo, chunguza kwanza kama mota zina enkoda au rizolva (kihisi cha mzunguko kinachotoa mawimbi badala ya mipigo), kwa sababu 7i77 haisomi rizolva.

Kitufe cha dharura kisipitie kwenye programu peke yake. Ni lazima kikate umeme wa draivu moja kwa moja kupitia kontakta (swichi kubwa ya sumaku), na kompyuta iarifiwe tu kwamba umekatwa.

Sasa fanya hesabu ya mwendo. Enkoda yenye mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko, kwa kuwa kila mstari husomwa mara nne; ikifungwa moja kwa moja kwenye skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko, utapata hesabu 800 kwa milimita. Kwenye mhimili wa X, unaosogeza kisu kuelekea katikati ya kazi, hesabu hiyo ni ya mwendo halisi wa tareti, si ya kipenyo. Kipenyo hushughulikiwa na amri ya G7.

Hatua inayofuata ndiyo inayovunja mashine za watu. Ikiwa alama (+ au -) ya enkoda inapingana na alama ya amri, kila kosa dogo litazidishwa badala ya kusahihishwa, na tareti itakimbia kwa nguvu zote. Kwa hiyo, draivu zikiwa zimezimwa, zungusha skrubu kwa mkono na uhakikishe kwamba namba kwenye skrini inaongezeka upande unaostahili. Ndipo uweke FERROR ndogo (kikomo cha kosa la mahali ambacho kikipitwa LinuxCNC husimamisha mashine), usogeze tareti katikati ya reli, na uwashe mhimili mmoja huku kidole kikiwa juu ya kitufe cha dharura. Anza na P ndogo, yaani nguvu ya kusahihisha kosa, uipandishe polepole ukitazama mchoro wa Halscope, chombo cha LinuxCNC cha kuchora ishara, kisha FF1, amri ya ziada inayolingana na kasi, ipunguze kosa linalobaki wakati wa mwendo.

Spindeli, ekseli inayozungusha kazi, nayo inahitaji enkoda yenye mpigo wa Z unaotokea mara moja tu kwa kila mzunguko wa chaki (kishikio cha kazi), kwani G33 na G76, amri za kukata thredi, husubiri mpigo huo ili kila mkato wa thredi uingie kwenye mfereji uleule. Jaribu kwanza kwenye alumini. Na unapotumia G96, amri ya kudumisha kasi ileile ya kukata, usisahau D ya kuweka kikomo cha mizunguko, la sivyo spindeli itaongeza kasi mno kisu kinapokaribia katikati, na chaki inaweza kuachia kipande kinachokatwa.