Kifaa cha kifafa cha kifuani: kutumia sumaku na mambo ya kujua baada ya oparesheni

Ukishaambiwa kifafa chako ni sugu, yaani umetumia dawa mbili au zaidi zilizochaguliwa vizuri, umemeza inavyotakiwa na bado unaanguka, na oparesheni ya ubongo haikufai, ndo unaanza kusikia habari za kifaa cha kusisimua kwa umeme neva ya vagasi, yaani mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kupita shingoni. Wengi wanaogopa bure wakidhani kinawekwa kichwani, kumbe chenyewe kinakaa chini ya ngozi, kifuani kushoto karibu na mtulinga, na waya wake unapandishwa hadi kwenye neva shingoni. Ni kushoto kwa sababu neva ya kulia inagusa zaidi mapigo ya moyo.

Sasa usitegemee maajabu wiki ya kwanza. Kawaida kinawashwa kama wiki mbili baada ya oparesheni, wanaanza na umeme kidogo sana, 0.25 miliampea, halafu kila kliniki wanapandisha kidogo kidogo, kinapiga sekunde 30 kinatulia dakika 5, usiku na mchana. Ndo maana kuruka kliniki ni kujikomoa, unabaki kwenye kiwango cha chini afu unalalamika kifaa kibovu. Nafuu inaendelea kuongezeka hata mpaka mwaka wa pili, karibu nusu ya watu wanapungukiwa kuanguka kwa nusu au zaidi, wanaopona kabisa ni wachache. Dawa usiache, nasisitiza.

Haya, sumaku, ile unayopewa pamoja na kifaa. Hii wafundishwe wote wanaoishi na mgonjwa, maana yeye akishapoteza fahamu hawezi kuishika. Ukiona kifafa kinaanza, au mwenyewe akihisi dalili zake za mwanzo, pitisha sumaku juu ya kifaa kifuani kama sekunde moja tu, kisha iondoe. Hapo kinapiga umeme wa ziada, na kwa baadhi ya watu kifafa kinakatika au kinakuwa kifupi. Kosa la kawaida ni mtu kwa hofu kuibandika pale na kuing'ang'aniza, wakati sumaku ikikaa juu ya kifaa inakizima, kwahiyo unafanya kinyume kabisa cha ulichotaka. Na wakati unahangaika na sumaku usisahau mambo ya kawaida, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ikipita dakika 5 hajatulia piga simu ya dharura.

Huko kuzima nako kuna kazi yake. Sauti kukwaruza, kikohozi na kuwashwa koo kila kinapopiga ni kawaida, na mara nyingi hupungua na muda, ila kama unataka kuimba au kuongea mbele za watu unaweza kuishikilia sumaku pale kwa muda huo, umalizapo unaitoa. Kama kinakuuma au hakiachi kupiga, funga sumaku kwa plasta juu ya kifaa uende hospitali. Sumaku iweke mbali na kadi za benki na simu.

Ukiwa unakoroma sana au pumzi inakatika usingizini mwambie daktari, kifaa kinaweza kuzidisha hilo. Kabla ya kipimo cha MRI, yaani kile cha picha kinachotumia sumaku kubwa, waambie unacho, kuna masharti na lazima kizimwe kwanza. Betri nayo inaisha baada ya miaka kadhaa kutegemea kiwango cha umeme, na kubadilisha ni oparesheni nyingine ndogo, waya wa shingoni kwa kawaida hauguswi.