Kabla hamjanunua pikapu ya kitambo kama familia, angalieni haya kwanza

Kwetu ilianza na Mzee. Tangu astaafu amekuwa akiongea juu ya ile Peugeot 504 pikapu aliyokuwa anabebea maziwa kutoka Njoro, kila Krismasi tukikutana stori ni ile ile, mpaka brathe yangu mkubwa akasema si basi tutafute moja tuitengeneze pole pole na watoto, hata ikichukua miaka. Tukachanga, na wiki mbili baadaye kulikuwa na pikapu nje ya nyumba hapa Nakuru. Shida ni kwamba hatukuwa tumenunua pikapu moja, zilikuwa mbili zimechomelewa zikawa moja, na namba iliyo kwa chuma haikuwa ile ya kwa logibuku, yaani hati ya gari. Muuzaji alirudisha nusu ya pesa baada ya kelele nyingi, hiyo nusu ingine tunaihesabu kama karo. Ya pili ndio hii tunaiparua rangi saa hii, na hii tulienda kuiona tukiwa na akili.

Kwa hivyo kama na nyinyi mnafikiria hiyo kazi, jueni kitu moja kabla ya zingine zote: injini mbovu si shida. Najua inaonekana kama nimechanganyikiwa lakini fundi wa injini ya 504 hukosi hapa Nakuru, na Kisumu pia wako, unatoa injini, unafungua, unanunua spea, unarudisha. Chasisi iliyooza na karatasi zenye matata, hizo ndizo zinafanya pikapu ikae miaka kumi chini ya mparachichi mpaka kuku wanatagia ndani. Watu wengi hufanya kinyume, wanafika kwa muuzaji, injini inangurumishwa, moshi hakuna, wanatoa pesa.

Na msidhani mkishindwa hapa mtaagiza Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, so pikapu ya kitambo lazima uitafute hapa hapa: kwa wakulima wa Molo na Njoro, kwa mashule, kwa misheni huko Kakamega na Vihiga, nyuma ya gereji za jua kali, ama kwa ule mjomba ambaye kila mtu anamjua ako na gari imefunikwa turubai na hataki kuiuza mpaka siku atakayotaka.

Sasa, mnatafuta gani? Kaeni chini mkubaliane kabla ya kwenda, juu mkienda na mawazo matatu muuzaji atawauzia ya nne. Kwa 504 kumbukeni hii: saluni, yaani ile ya kawaida ya abiria, ilitoka 1968 lakini pikapu ilitoka 1979. Hiyo tarehe peke yake imetuokoa na waongo wawili. Mmoja alituapia pikapu yake ilikimbia Safari Rally ya 1975, ile Ove Andersson alishinda na 504. Ni kweli 504 ilishinda 1975, na ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, lakini ya kwanza ilikuwa saluni na ya pili ilikuwa coupé, ile ya milango miwili, yenye injini ya V6, na pikapu yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Mzee ndiye alimwambia, kwa upole sana, jamaa akaanza kuongea juu ya mvua. Upande ule mwingine msishtuke mkipata 504 pikapu yenye namba pleti ya miaka ya karibu, 504 ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya mpaka 2004. Pleti zenyewe zinasaidia kidogo: ikiwa ni herufi tatu na namba bila herufi nyuma, hiyo ni ya kabla ya KAA kuanza 1989, na KBA ilianza 2007. Ukiambiwa gari ni ya 1982 na pleti ni ya katikati ya zile zinazoanza na KA, uliza ilikuwa wapi hiyo miaka yote. Jibu linaweza kuwa zuri tu, pengine ilikuwa ya serikali ama ya jeshi ikauzwa kwa mnada, lakini uliza.

Kama mnapenda za Kijapani, Datsun 1200 pikapu ni ndogo, rahisi, na watoto wanaielewa haraka juu ukifungua boneti unaona mpaka chini. Namba yake ya chasisi inaanza na B120 na imepigwa kwa ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, na injini yake ya kuzaliwa ni A12 ya cc 1171. Raha yake ni kwamba Afrika Kusini waliendelea kutengeneza ndugu yake, Nissan 1400, mpaka 2008, so spea nyingi bado ziko. Toyota Hilux nayo inajisema yenyewe ukijua kusoma: N ni Hilux na ile herufi ya mbele ni familia ya injini, RN ilitoka kiwandani na petroli ya R, LN ilitoka na dizeli ya L. Ukipata chasisi inasema RN na chini ya boneti kuna dizeli, mtu amebadilisha. Si dhambi, lakini lazima iwe imeandikwa kwa logibuku, la sivyo kazi ya kuisawazisha ni yenu. Land Rover Series III ilianza 1971, utaijua kwa ile grili ya plastiki, na bodi yake karibu yote ni aluminiamu so sumaku haishiki, msiende kupima fila (ile pasta ya kuzibia mashimo ya bodi) na sumaku mkaambiwa mmerogwa. Haiozi sana juu, inaoza chini, chasisi yake ni chuma.

Karatasi. Hapa kaeni sana. Kabla hata ya nauli ya kwenda kuiona, omba namba ya gari ufanye sachi ya NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, kwa eCitizen, ni shilingi mia tano na kitu tu, na utaona mwenye gari, namba ya chasisi, ya injini, rangi, aina ya bodi na kama kuna benki imeishikilia. Muuzaji akikataa kutoa namba mpaka mfike, msifike. Kisha angalia jina. Gari ya kitambo mara nyingi iko kwa jina la mtu aliyekufa, mjane ama mtoto wa kwanza ndiye anauza, na kila mtu kwa boma amekubali, chai imepikwa, mnaonekana watu wazuri. Haitoshi. Bila kesi ya urithi kortini na mtu aliyepewa mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, hakuna wa kuianzisha transfa, na binamu anaweza kutokea Mombasa mwaka ujao aseme hiyo ilikuwa yake. Mkiipenda kabisa, kubalianeni bei kwa maandishi na mngoje korti imalize. Ikiwa ni ya kampuni, jua kama kampuni bado iko hai na wakurugenzi wake ni nani, juu kampuni ikifa na gari yake inakuwa yatima. Na "tutafanya transfa baadaye" ni maneno ya kufukuza mtu. Transfa inaanzishwa na muuzaji kwa akaunti yake, wewe unakubali kwa yako, inafanywa mkiwa mmekaa meza moja na pesa bado ziko kwa simu yako.

Halafu chuma na karatasi zikutane. Beba brashi ya waya, kitambaa chenye mafuta taa na kipande cha chaki. Unasugua pale namba ya chasisi imepigwa, unapangusa, unapaka chaki, zile digiti zinajitokeza kama zimeandikwa leo, unapiga picha. Linganisha moja moja na sachi, usisome haraka, ile yetu ya kwanza ilikuwa na 3 mahali pa 8 na sisi watu wazima wanne tukapita juu yake. Angalia kama mstari wa namba umenyooka, kama kuna alama za grainda, kama rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani, kama kile kipande kimechomelewa kando kando. Yoyote kati ya hizo, rudini nyumbani. Usijaribu hata kuomba diskaunti, gari ya namba iliyochezewa inaweza kuwapeleka nyinyi kituoni na si aliyewauzia.

Kuoza sasa. Swali ambalo hakuna mtu huuliza ni hili: hii pikapu ilikuwa inabeba nini? Iliyobeba samaki Kisumu imelowa maji ya barafu na chumvi miaka yote. Iliyobeba mbolea Molo ni mbaya zaidi, ile mbolea inamwagika kwa kona za bodi, mvua inainyeshea, inakula chuma kimya kimya. Iliyobeba maziwa ama watu wa kanisa, angalau. Ingia chini na bisibisi na nyundo ndogo ugonge, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Gonga pale kabini inakutana na bodi ya nyuma, pale springi zinashikilia, chini ya mlango, na uinue mati ndani uone sakafu. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa ukiifunga kitambaa inakuambia wapi ni chuma na wapi ni fila imepakwa rangi. Sakafu iliyotoboka inashonwa, panelbita (fundi wa bodi) yeyote atakufanyia. Chasisi iliyopasuka ama kupinda, achana nayo.

Vipande vidogo vyenye kutu tuko na dawa yake huku kwetu na ni ya bei ya chakula cha ng'ombe: molasi. Ile ile ya Muhoroni na Chemelil. Changanya kipimo kimoja cha molasi na maji kama tisa hivi, tumbukiza bawaba, brakiti, boliti, funika ndoo, acha wiki mbili. Inanuka vibaya na nyuki watakuja, mama watoto atalalamika na ana haki, lakini kutu inatoka na chuma kinabaki. Usiweke aluminiamu, itakulwa, kabureta yetu moja ilikufa hivyo na aliyeiweka ndiye anaandika haya.

Injini nitasema kidogo tu. Moshi wa bluu inakula oili, mweusi inakunywa petroli, mweupe usioisha ikishapata moto ni maji, na ukifungua kifuniko cha oili ukaona chai ya maziwa basi gasketi ya hedi imeenda. Yote yanatengenezwa, yanashusha bei tu. Lakini msimtukane fundi wa Kisumu bure: gari yenye kabureta iliyosetiwa Kisumu, mita 1,100 na kitu juu ya bahari, ukiipandisha Molo ambako hewa ni nyepesi itaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, hiyo ni seti ya kabureta tu. Na petroli yetu haina risasi (lead) tangu 2006, so kwa injini nzee sana muulize fundi kama siti za valvu, ambazo hiyo risasi ilikuwa inazilinda, zimebadilishwa.

Familia yenyewe pia inataka kukaguliwa, wacha niseme ukweli. Jina la nani litaingia kwa logibuku? Nani anashika pesa? Atakayeacha kuchanga katikati anarudishiwa ama harudishiwi? Sisi tuliandika kwa daftari, Mama ndiye mweka hazina na hakuna anayebishana na Mama. Halafu pesa ya kununua iwe kama nusu ya mliyo nayo, hiyo nusu ingine itaisha yenyewe msijali. Pikapu inahesabiwa gari ya biashara, so kuna inspekshen ya kila mwaka na inshuarensi yake, hizo zitawangoja hata kama mnaitumia kwenda kanisani. Watoto wapewe kazi ya kweli: wapige picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, waweke boliti kwa mifuko waandike jina. Wetu wa miaka 11 ako na daftari la boliti zuri kuliko langu. Lakini vumbi ya breki na klachi za zamani inaweza kuwa na asbesto, isipulizwe, ilowanishwe na maji na watoto wakae mbali, na hakuna mtu anaingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, stendi kwanza, hata kama ni ya dakika moja.

Kuileta nyumbani lipeni brekidauni, lile lori la kubeba magari mabovu. Mtu wa kwetu alitaka tuivute na kamba kutoka Kisumu, eti Kericho ni karibu, nikamuuliza na ule mteremko wa kutoka Mau Summit mpaka Salgaa utaufanya na breki za nani.

Siku ya kwenda kuiona bebeni tochi, chaki, brashi ya waya, sumaku, bisibisi, gunia la kulalia chini na ile karatasi ya sachi. Ombeni muuzaji asiiwashe kabla mfike, injini ya zamani ikiwa baridi ndio husema ukweli. Mkifika, kabla ya salamu kuisha vizuri, mmoja wenu aegemee boneti kama mtu amechoka na safari, na kama ni moto, kunyweni chai, ongeeni juu ya mahindi, na muage.